Kiti cha Nyuma cha Pikapu ya Wendell

Mchana ule moto ulipovuka kilima na kuanza kushuka kwenye Korongo la Harlow, Twila Strickler alikuwa jikoni akijaza maji kwenye chupa, na mumewe alikuwa chumbani akizungumza kwa simu kuhusu bunduki. Hakuwa akizungumza na zimamoto wala na ofisi ya sherifu. Alikuwa akizungumza na Orrin, rafiki yake aliyeishi juu kidogo kwenye barabara hiyohiyo, na walichokuwa wakibishania ni kama mtu anayekimbia nyumba yake anafaa kubeba bunduki fupi nyeusi au ile ndefu yenye darubini. Nje anga lilikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Majivu yalikuwa yakitua kwenye kamba ya nguo, juu ya shuka ambazo Twila alikuwa ameshaacha kuzifikiria.

Alimsikia Wendell akisema, "Lakini zingatia uzito," naye akakaza kifuniko cha chupa kwa nguvu.

Si kwamba Twila alikuwa mwoga wa bunduki. Alizaliwa korongoni humo, mashariki ya jimbo la Oregon, Marekani, na baba yake alimfundisha kulenga shabaha kabla hajajua kuendesha baiskeli. Kila vuli alipiga kulungu wake mmoja, akamchuna mwenyewe kwenye banda, akaigandisha nyama, na mpaka majira ya kuchipua wakawa bado wanakula. Bunduki yake ilikuwa moja, imechakaa kitako, na aliichukulia kama watu wengine wanavyolichukulia jembe. Unaitumia, unaifuta, unaitundika. Kazi yake ilikuwa kupika katika shule ya msingi mjini, ambako watoto walimpenda kwa sababu hakuwalazimisha kumaliza karoti. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na pengine hilo ndilo lililomfanya avumilie Ijumaa nyingi vile.

Kwa maana kila Ijumaa jioni, wanaume wa korongo walikutana katika gereji ya Orrin, wakanywa bia, wakatafuna nyama kavu na kulizungusha swali lilelile. Ikitokea dharura na huna budi kuikimbia nyumba yako, utabeba zipi? Wendell alikuwa na jibu lililojulikana na kuheshimiwa. Tatu tu, alikuwa akisema. Moja ya kuwindia, moja ya marisau ya kupigia ndege, na bastola kiunoni. Anayebeba zaidi ya tatu huyo hakimbii, anahama. Wenzake walitikisa vichwa kukubali, kisha wakaanza upya, na Twila akiwapelekea maharage na mkate wa mahindi aliwasikia kama mtu anavyosikia bomba linalovuja. Siku moja aliuliza, akiweka sahani mezani, wanamkimbia nani hasa. Orrin akamwambia, "Watu, Twila. Chakula kikiisha mjini utawaona wakija." Twila akawatazama wote pale, na matumbo yao, na mdomo wa Orrin uliokuwa unang'aa mafuta, akarudi nyumbani. Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyewahi kutaja moto, ingawa moto ulikuja kwenye vilima vile kila kiangazi.

Sasa ulikuwa umekuja, na umeme ulikuwa umekatwa tangu asubuhi.

Katika chumba cha nyuma aliishi Velda, mama yake Wendell, bibi mwembamba mwenye ulimi mkali na mapafu mabovu. Alipumua kwa mashine, mrija puani mchana na usiku. Mashine ilihitaji umeme. Umeme usipokuwepo ilikuwepo betri ndogo, na betri ikiisha ilikuwepo mitungi miwili ya oksijeni, na mitungi ikiisha hakukuwa na kitu. Tangu asubuhi Twila alikuwa akisikiliza mlio wa betri ile zaidi kuliko alivyosikiliza redio.

Amri za kuondoka hutolewa kwa ngazi tatu kule. Ya kwanza, jiandae. Ya pili, uwe umeshafunga mizigo. Ya tatu, ondoka hivi sasa. Ya pili ilipotangazwa, Wendell alikata simu na kufungua kasha la chuma, akatoa bunduki zake tatu za siku zote, akazilaza kitandani. Akazitazama. Kisha akatoa ya nne, kwa sababu ilikuwa ya baba yake. Kisha ya tano, kwa sababu mjomba wake Lyle aliitumia mwaka alioua dubu. Akazirudisha mbili, akatoa tatu. Twila alipita na sanduku la dawa za Velda, akapita tena na blanketi, akapita tena na picha za ukutani, na kila alipopita kitanda kilikuwa kimebadilika na mumewe alikuwa amesimama palepale, jasho linamtiririka shingoni, ameshika kidevu kama mtu aliye mbele ya duka la vito.

"Wendell, nisaidie kumvalisha mama."

"Nakuja."

Hakuja. Twila alimvalisha Velda mwenyewe, akamtafutia meno yake, akamweka kwenye kiti cha magurudumu. Simu zikalia zote kwa pamoja kwa sauti ile ya tahadhari inayokwaruza masikio. Ngazi ya tatu.

Gari dogo la Twila lilikuwa kwa Orrin tangu mwezi wa sita, injini imefunguliwa na haijafungwa. Usafiri ulikuwa pikapu ya Wendell, ndefu, yenye kiti cha mbele na kiti cha nyuma. Twila alimsukuma mkwewe juu ya kokoto, magurudumu yakikwama, akafungua mlango wa nyuma.

Kiti chote kilikuwa kimejaa bunduki. Zilikuwa zimefungwa kwenye mablanketi, na moja ya mablanketi yale lilikuwa lile la sufu ambalo Velda alilifuma alipokuwa bado ana nguvu za mikono. Zilikuwa zimelazwa kwa uangalifu, kitako huku, mtutu kule, kama watoto wa familia moja waliolala kitanda kimoja. Na Wendell alikuwa amezifunga mkanda. Sakafuni palikuwa na masanduku ya risasi. Nyuma kabisa, kwenye bodi, chini ya turubai, kulikuwa na jenereta aliyokataa kuiwasha asubuhi ili asimalize mafuta, mapipa ya maji na magunia ya chakula cha akiba cha mwezi mzima, vyote vimebanwa kwa kamba.

Twila alisimama na mlango mkononi. Aliona ule mkanda umepita juu ya blanketi la Velda na kubana vizuri, akahisi mate machungu yakimjaa mdomoni.

Wendell alitoka nyumbani na bunduki mbili nyingine mabegani. Twila akamuuliza mama atakaa wapi. Akajibu kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo lililokwisha kupangwa, kwamba mama ana gari lake la wagonjwa. Alikwisha kumwandikisha wilayani, kwenye orodha ya wazee wasiojiweza, na wilaya hutuma gari. Ndivyo mpango ulivyokuwa siku zote.

"Siku zote," Twila akasema.

"Twila, nimepiga hesabu ya nafasi mara ngapi? Ukimtoa mama, kila kitu kinaenea."

Barabara ya korongo ilikuwa moja, na moshi ulikuwa umeshafika kwenye daraja la kutokea korongoni. Hakuna gari la wagonjwa ambalo lingepanda kule, na Wendell alilijua hilo kama alivyojua jina lake, lakini alikuwa amesimama pale akitazama barabara kwa macho ya mtu anayesubiri basi. Velda alikuwa chini yao kwenye kiti chake, mrija puani, na alikuwa amesikia kila neno.

"Mwanangu," akasema, "mimi nina uzito wa bunduki ngapi?"

"Mama, usianze."

"Nauliza tu. Isije ikawa nimekuzidishia mzigo."

"Mama, hiyo moja ni ya baba. Nitaiachaje ya baba?"

Velda akavuta pumzi, na ilimchukua muda. "Baba yako alikuwa anazuilia nayo mlango wa banda la kuku," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naye kitandani miaka arobaini. Mimi pia ni wa baba."

Twila alifungua ule mkanda. Alichukua bunduki ya kwanza na kuiweka chini kwenye kokoto, hakuitupa, kisha ya pili, kisha ya tatu, na blanketi la sufu akalikung'uta na kuliweka magotini mwa Velda. Mumewe alizunguka akimfuata, akiokota kila alichokiweka, akipuliza vumbi, akisema zitakwaruzwa, akisema hajui anachokifanya, akisema thamani yake hairudi. Hakumgusa mkewe wala hakupaza sauti. Labda angepaza sauti Twila angemhurumia kidogo. Alikuwa kama mtoto aliyemwagiwa vitu vyake vya kuchezea, mtu mzima mwenye mvi, na cheche zilikuwa zikianguka kwenye kofia yake.

Alipomaliza kushusha masanduku ya risasi, kumpandisha Velda na kumfunga mkanda, na kuweka mashine na mitungi miguuni pake, Twila aliketi kwenye usukani.

"Kiti cha mbele kipo, Wendell. Panda."

Akatazama kile kiti. Akatazama zile zilizokuwa chini. Twila aliziona hesabu zikimpita usoni, ipi isimame katikati ya magoti, ipi ilale mgongoni, na akajua kwamba hata sasa hajamaliza kuchagua.

"Nendeni," Wendell akasema mwishoni. "Nitashuka na Orrin."

Walikuwa hawajafika mbali pikapu ya Orrin ilipowapita kwa kasi, imejaa mpaka kwenye vioo, mkewe Orrin ameketi mbele na masanduku mapajani mpaka kidevuni. Hapakuwa na nafasi ya hata paka. Orrin aliwapungia mkono. Twila akakanyaga breki. Kwenye kioo hakuona nyumba tena, moshi tu. Betri ya Velda ikaanza kulia ule mlio wa kuisha, na Twila hakugeuza usukani wala hakuondoa mguu kwenye breki, kwa sababu bei ya kurudi ni pumzi ya bibi na bei ya kuendelea ni mume.

"Mama," akasema, "nifanyeje?"

Velda alikuwa ameshika blanketi kwa vidole vyote. "Ana miguu," akasema. "Nifungulie mtungi, kisha uendeshe."

Darajani, kwenye kizuizi, Twila aliwaambia zimamoto kwamba mtu amebaki juu. Waliuliza kama ni mgonjwa. Akasema hapana. Waliuliza kwa nini basi amebaki, naye akaona aibu kulitamka, akasema tu anafunga vitu. Vijana watatu wakapanda gari lao jekundu na kuelekea kwenye moshi. Mmoja wao alikuwa bado na chunusi, Twila alimkumbuka kutoka foleni ya chakula shuleni, mtoto wa kupenda viazi vya kuponda, na alipomwona akifunga kamba ya kofia yake kwenda kumtoa Wendell kwenye kokoto zake, kile kichefuchefu alichokuwa amekimeza tangu mchana kilimpanda. Alifungua mlango akatapika barabarani.

Walimleta mpaka mjini jioni. Alikuwa mzima, mweusi kwa masizi, na bastola kiunoni. Bunduki alizirudisha kwenye kasha la chuma, akasema, kwa kuwa wale vijana walikataa kupakia kitu kisichopumua. Kiongozi wao alimvuta Twila pembeni na kumwambia kwa adabu kwamba walijaribu kusimama waokoe nyumba, ila moto ulipofika bandani, risasi za akiba ambazo Wendell alizihifadhi humo zilianza kulipuka zenyewe, na hawezi kuwaweka vijana wake mbele ya kitu kama hicho. Samahani sana, mama, akasema. Twila akamshukuru.

Watu wa korongo walikuwa wamepokewa mjini, katika ukumbi wa viwanja vya maonyesho ya mifugo. Ndani kulikuwa na vitanda vya kukunja, umeme wa mashine ya Velda, supu ya kuku na wanawake waliokuwa wakipiga simu. Mlangoni alisimama mama mmoja wa kujitolea, mwenye kadi ya jina shingoni, na sharti lake lilikuwa moja. Silaha haziingii.

Twila alikuwa amechukua vitanda vitatu. Cha tatu alikiwekea koti lake ili kisichukuliwe. Alichota supu, akatoka nayo nje kwenye maegesho. Pale palikuwa pamejaa pikapu, na kwenye kila pikapu mwanamume, ubao wa nyuma umeshushwa, miguu inaning'inia. Wake zao na mama zao walikuwa ndani. Wendell alikuwa ameketi na Orrin.

Alipokea supu. Twila akamwambia mama anamuuliza, aje walau amsalimie, bastola aifungie kwenye gari. Wendell akasema kufuli ya mlango wa kulia haishiki vizuri, na nyakati kama hizi watu huiba. Orrin akaunga mkono. Wendell akanywa supu, akafuta ndevu kwa mkono.

"Unajua nilipokosea?" akasema, na Twila, Mungu amsamehe, kwa nukta moja alitumaini. "Nilipaswa kuanza na zile fupi. Fupi zingeenea chini ya miguu ya mama."

"Si nilikwambia," Orrin akasema.

Twila alingoja kidogo aone kama kuna neno lingine litakalofuata. Lililofuata lilikuwa kuhusu uzito wa bunduki. Akarudi ndani bila kuchukua bakuli.

Velda alikuwa ameketi amenyooka, nywele amezichana, na meno yalikuwa mdomoni. "Anakuja?"

Kwa miaka mingi Twila alikuwa na majibu ya kumpa. Amechoka, mama. Ana kazi, mama. Anakuja sasa hivi. Aliyatafuta yote, akaona kinyaa kuyashika.

"Haji," akasema. "Analinda bastola."

Bibi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hakukusudia kukinunua. Akatazama pembeni, mashine ikivuta na kuachia.

Mlangoni alikuwa ameingia mwanamke mgeni, amebeba mtoto aliyelala, akizungusha macho ukumbi mzima kutafuta mahali. Twila akainuka. Alichukua koti lake kutoka kitanda cha tatu, akalivaa, akampungia mkono yule mwanamke aje.