Hodi kwa Mvua

Juzi pale sokoni Kituku, binti anayejifunza programu aliketi na kompyuta kando ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, alizoanika mama yake. Aliiuliza API ya hali ya hewa, ule mlango wa mtandaoni ambako programu huomba habari, kama mvua itanyesha. Ikamkatalia.

“Inasema haijue miye ni nani.”

“Sasa weye unaingia kwa watu bila hodi?” mama akauliza, akigeuza samaki.

Binti akacheka, akaongeza ufunguo, yaani alama ya kumtambulisha aliyopewa alipojiandikisha. Jibu likaja: mvua mchana huu.

Mama akaanua sambaza zote, jua likiwaka bado. Sisi wauzaji wenzake tukamcheka.

“Mutoto wangu ameuliza,” akasema tu.

Mvua ilipotumwagikia, tulijibana wote chini ya turubai lake. Muuzaji mmoja akamgeukia binti: “Na kesho?”

Mama akamwinulia kidevu muuzaji yule. “Piga kwanza hodi.”