Kisasi cha Kondo wa Mabango

Mume wangu Kondo kazi yake ilikuwa kutangaza picha za sinema, na mie mkewe sikuwahi kuambiwa mwisho wa picha hata moja. Mke wa mvuvi anakula samaki, si ndiyo? Mie nikimuuliza Kondo adui alikufaje, ananijibu, "Jumatano kuna onyesho la wanawake. Lipa uingie uone mwenyewe." Na ugali anaoumega wakati ananijibu hivyo nimeusonga mie.

Miaka hiyo Mwingereza alikuwa bado yupo, na Temeke ilikuwa na mikorosho katikati ya nyumba. Kwenda mjini kuangalia picha ilikuwa safari ya kuoga na kupaka mafuta. Kwa hiyo tajiri mwenye jumba la sinema, kule Uhindini, alimwajiri Kondo atuletee habari huku huku kwetu. Alivaa mbao mbili zilizobandikwa picha, moja kifuani na moja mgongoni, zimefungwa kamba mabegani, na mkononi ana kengele ya shaba. Anatoka mjini asubuhi, anapita Keko, anapita Chang'ombe, akifika Temeke ana vumbi mpaka kwenye kope. Watu wakamwita Kondo wa Mabango, na mie nikawa mke wa mabango.

Hakujua Kihindi wala Kiingereza. Lakini picha zilizopendwa zilikuwa za kisasi, na kisasi hakitaki mkalimani. Mtu kachomewa nyumba, baba yake kauawa mbele ya macho yake, mama kafa kwa majonzi. Yule mtoto kakua, kifua kipana, anamtafuta adui. Kondo aliyasimulia hayo katikati ya njia kana kwamba baba aliyeuawa ni wake. Anafika pale adui amepiga magoti, anaomba maji, na stelingi, ndiye yule mtoto aliyekua, ameinua panga juu. Hapo Kondo anapiga kengele na kuondoka zake. Watu wazima wenye ndevu walimfuata mpaka kwenye mikorosho wakimsihi, "Kondo, tafadhali, alimkata au hakumkata?" Hajibu ng'o. Jumapili unawaona wote wamejipanga mjini kununua tiketi.

Sasa nikwambie habari za Benedikto. Huyu alikuwa fundi baiskeli pale Chang'ombe, Mnyamwezi wa Tabora, na sie ni Wazaramo, kwa hiyo ni mtani wetu toka mababu zake walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Mtani unayajua mambo yake. Akutukane, ucheke. Akuchukulie kuku wako, umtazame tu. Siku ukifiwa, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha mbele ya maiti, kuvaa nguo za marehemu, kumwiga, hata kulala njiani jeneza lisipite. Ukimkasirikia, mwenye makosa ni wewe.

Benedikto aliishi Temeke na mama yake, Bibi Yuliana, mzee wa fimbo na mdomo mkali. Kondo hakupita nyumba ile bila kusimama. "Mwangaluka, mke wangu mdogo," anamwamkia kwa Kinyamwezi chake kibovu. Bibi anamjibu, "Potelea mbali, mla madafu. Mume gani anavaa mbao?" Kisha anampa maji ya kunywa. Krismasi moja Benedikto alimpeleka mama yake mjini kuangalia picha. Adui alipompiga kofi mwanamke mjane, Bibi Yuliana aliinuka na fimbo yake, akateremka mpaka mbele kabisa, akamwambia yule adui wa kwenye kitambaa, "Njoo unipige mie. Njoo." Ilibidi wakata tiketi wamrudishe kitini, na bado aliendelea kulaani Kinyamwezi mpaka taa zikawaka.

Basi yule Benedikto siku moja akapata wazo la kipumbavu, ambalo mwenyewe aliona ni utani mtamu. Alikwenda kuangalia picha siku ya kwanza, Jumamosi. Jumapili asubuhi, kabla Kondo hajafika, akapanda baiskeli yake akazunguka mitaa yote akitangaza, "Muuaji ni mjomba! Anatumbukia kisimani! Hifadhini hela zenu!" Maskini mume wangu anafika na kengele yake, anaanza na ile nyumba iliyochomwa, watu wanamkatiza, "Kisimani, Kondo. Tumeshasikia." Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata tena. Mtu yuko kwa miguu na mbao mwilini, mwenzake yuko kwa baiskeli; atamwahi wapi?

Mabenchi ya mbele, yale ya watu wa kwetu, yakaanza kubaki wazi. Tajiri akamwita Kondo akamwambia kwa upole, na upole wa tajiri ndio wa kuogopa, kwamba Jumapili ya picha kubwa inayokuja yakiwa wazi tena, airudishe kengele. Mie wakati huo nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Nyumba ya kupanga, tumbo liko puani, na mume anataka kufukuzwa kazi kwa sababu ya mzaha wa fundi baiskeli. Nilikasirika mpaka nikawa nasonga ugali kama namsonga mtu.

Kondo alimwendea Benedikto akamwomba aache. Benedikto akacheka, "Jamani, mtani wangu analia." Hapo Kondo akafanya kosa ambalo Temeke ililicheka mwaka mzima. Akavaa kanzu, akaenda kumshitaki kwa jumbe.

Jumbe alimsikiliza vizuri, kisha akauliza, "Huyu Benedikto kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Na wewe?"

"Mzaramo."

Wazee wa baraza wakatazamana. Mmoja alicheka mpaka wakamletea maji. "Yaani wewe," jumbe akasema, "umetoka nyumbani kwako, umevaa kanzu, umemshitaki mtani?" Wakamhukumu Kondo, yeye mwenye kuonewa, atoe jogoo ampe Benedikto kwa kumvunjia heshima. Jogoo wetu mmoja tuliyekuwa naye. Nilimshika mwenyewe nikamfunga miguu, kamba nikaikaza kuliko ilivyotakiwa.

Toka siku hiyo Kondo akaapa kulipiza kisasi. Akaacha kunyoa ndevu; kwenye picha stelingi anayetafuta adui hanyoi. Anakaa mlangoni amekodoa macho, anakaza kamba za mabango, ukimwita haitiki. Alifikiri kutoboa magurudumu ya Benedikto, nikamkumbusha kwamba yule ni fundi, atayaziba akipiga mluzi. Alifikiri kumwagia upupu kwenye kiti cha baiskeli. Nikamwambia, "Baba, hiyo ndiyo picha? Nani atalipa kuangalia mtu anajikuna?" Akanuna siku nzima.

Kilichonishangaza ni watu. Wale wale waliomcheka kwa jumbe, sasa nikienda bombani wananiuliza, "Tabu, mumeo atamfanya nini yule? Lini?" Wanauliza macho yanang'aa. Nikaelewa kwamba hawakuwa na habari na mabenchi ya tajiri wala tumbo langu. Walitaka kuona mkono ukiinuliwa, basi. Ule mwisho walionyimwa na Kondo miaka yote, sasa walitaka kuupata bure.

Jumapili ya picha kubwa ikafika. Kondo aliyaleta mabango nyumbani toka jana yake, amwahi Benedikto alfajiri. Ameshajifunga mbao zote mbili, ameshika kengele, tukasikia kilio nyumba za chini. Bibi Yuliana alikuwa akiumwa kifua siku kadhaa, amefariki.

Kondo akasimama. Kisha akafungua kamba taratibu, akaziegemeza mbao ukutani.

"Na kazi?" nikamuuliza.

"Mtani wangu kafiwa," akasema. "Leo ndiyo leo."

Niliogopa, sikufichi. Msibani mtani hazuiwi na yeyote. Hapa hakuna jumbe wala jogoo. Angeweza kumwumbua Benedikto mbele ya jeneza la mama yake, na desturi ingemtaka Benedikto anyamaze avumilie. Nikamfuata nyuma na tumbo langu. Habari ilishatangulia: uwanja umejaa, watu wamesimama mpaka kwenye ua wa jirani, na si wote waliokuja kulia.

Benedikto alikuwa amekaa chini karibu na jeneza. Wanawake wakaninong'oneza kwamba toka mama alipokata roho hajasema neno, hajatoa chozi, uji hajaugusa. Macho makavu tu. Alipomwona Kondo anaingia na ndevu zake, akainamisha kichwa kama mtu anayengoja.

Kondo akapita moja kwa moja ndani. Akaomba kanga ya marehemu na fimbo yake. Aliporudi uwanjani, wallahi, alikuwa Bibi Yuliana: mgongo umepinda, mguu wa kushoto unaburutwa, kile kikohozi chake cha kuanzia chini. Alituzunguka akitukagua. "Wala madafu wote mmekuja. Mmesikia kuna wali?" Watu wakaanza kuguna kwa kicheko. Akageuka, akatazama juu ukutani kana kwamba kuna picha, akatikisa fimbo, "Njoo unipige mie. Njoo." Hapo uwanja ukavunjika mbavu. Mzee mmoja wa kanisa alijifunika uso kwa kofia, mabega yanamcheza.

Kisha Kondo akamgeukia Benedikto. Akamwendea, mguu ukiburutwa, akasimama juu yake, akainua fimbo. Kicheko kikakatika. Ilikuwa picha ile ile: adui yuko chini, mkono uko juu, na Temeke nzima imebana pumzi. Mie nilimshika aliyekuwa karibu yangu, hata sijui alikuwa nani.

"Beni," akasema Kondo, kwa sauti ya Bibi kabisa. "We Beni. Huo mdomo wako utaacha lini? Umezunguka mitaa yote unawaambia watu nimekufa. Ungewaacha walipe, waingie waone wenyewe."

Mabega ya Benedikto yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko kinamtoka puani, kinamshinda, akashika tumbo. Na katikati ya kicheko kile kilio kikamtoka, kilio kikubwa cha mtu aliyefiwa na mama. Akaikamata ile kanga mwilini mwa Kondo, akajifunika nayo usoni, akalia humo. Kondo fimbo bado ameishika mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anampigapiga mgongoni, na sauti bado ni ya Bibi: "Haya, Beni. Haya mwanangu. Kanywe uji." Nami nililia, na kila mtu uwanjani alilia, hata wale waliokuja kuangalia.

Benedikto akanywa uji. Tukamzika Bibi alasiri.

Mabenchi ya tajiri siku hiyo yalikuwa meupe, maana Temeke yote ilikuwa makaburini. Jumatatu Kondo akarudisha mbao na kengele, akaja nyumbani na kamba tu mkononi. Nilimwuliza mtoto nitamfunga kwa hizo kamba? Nikaongeza na mengine. Alinyoa ndevu, akalala usingizi mzuri, jambo lililonitia hasira zaidi.

Matanga yalipokwisha, Benedikto akaja na baiskeli. Akaniamkia, akamwambia Kondo apande nyuma, wakaenda mjini. Walimwambia nini tajiri sijui, lakini walirudi na kengele, ubao mmoja mgongoni kwa Kondo, mwingine umefungwa kwenye baiskeli. Jumapili hiyo Benedikto akawa ndiye adui. Anakimbia kwa baiskeli akicheka kicheko kibaya, Kondo anamfukuza kwa miguu, watu wanafuata wakishangilia. Penye uwazi Benedikto anajiangusha, anapiga magoti, anaomba maji. Kondo anainua kengele juu. Kisha wote wawili wanajikung'uta vumbi na kuondoka, na Benedikto ndiye anayekaza mdomo kuliko mwenzake. Mabenchi yakajaa mpaka watu wakakaa chini. Jogoo wetu peke yake hakurudi, alishaliwa.

Mtoto alipotimiza arobaini nikamwachia bibi yake, nikaenda onyesho la wanawake la Jumatano. Nililipa, kama kawaida. Mwishoni stelingi alimsukuma adui kutoka juu ya jabali, na wanawake wote tukapiga makofi na vigelegele, mie wa kwanza, viganja vikaniwaka moto. Lakini njia nzima ya kurudi Temeke yule mtu pale chini ya jabali hakunitoka kichwani.

Nikampakulia Kondo chakula, nikamwuliza, "Yule adui, nani alikwenda kumzika?"

"Haikuonyeshwa," akasema.

"Na kwao hawana watani?"

Kondo akaacha kutafuna. Akalirudisha tonge sahanini.

"Hawana," akasema. "Wangekuwa nao, picha isingekuwepo."

Kisha akaniomba maji ya kunawa.