Mapenzi ni homoni au ni moyo? Aliyenijibu alikuwa akimnyonyesha mtoto wa mke mwenzake

Wakuu, heshima kwenu. Leo sibishani, nasimulia. Majina nimebadilisha na shirika silitaji, ila mambo yenyewe niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe.

Wanaonikumbuka humu wanajua msimamo wangu. Nimesoma biolojia chuo kikuu, na tangu 2012 kila uzi wa mapenzi ukifunguliwa nilikuwa naingia na jibu moja: mapenzi ni homoni. Ubongo unamwaga kemikali, wewe unaita moyo.

Kuna dada aliniambia humu humu kwamba nitakufa mpweke. Bado nipo, dada. Asante.

Sasa twende.

Mimi ni Muha wa Kasulu. Mwishoni mwa 2015, kambi ya Nduta kule Kibondo ilipofunguliwa tena kupokea Warundi, nikapata kazi kitengo cha lishe. Kiha na Kirundi tunaelewana bila mkalimani, nadhani ndicho kilichonibeba kuliko cheti. Kazi ilikuwa kupima watoto uzito, kujaza fomu na kujibu maswali ya akina mama.

Aliyenisimamia ni nesi mtu mzima, naye wa Kasulu. Tumwite Sista Adela. Aliniita "msomi", na haikuwa sifa.

Siku moja akaingia hemani mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, Mama Diane, kabeba kichanga cha wiki tatu. Mtoto alikuwa amekonda mpaka uso umekuwa wa kizee. Njia nzima alikuwa akinyweshwa maji ya sukari.

"Mama yake yuko wapi?" Sista akauliza.

"Alikufa njiani. Damu haikukata."

"Pole. Alikuwa ndugu yako?"

"Alikuwa mukeba wangu."

Mukeba ni mke mwenza. Mume wa Mama Diane alimwacha na watoto wawili, akahamia kwa binti mdogo wa kilima chao, yaani kijiji, maana Burundi vijiji huitwa vilima. Vurugu zilipoanza, mume akapotea. Wake zake wakajikuta kwenye kundi moja la watu wanaokimbia, wanatembea pamoja na hawasalimiani. Yule mdogo akajifungua safarini, akafariki. Watu wakamwekea Mama Diane mtoto mikononi. Ni wa mume wako huyu, wakamwambia, safari ikaendelea.

Hapa niwaeleze kitu ambacho wengi hamkijui. Mwanamke aliyewahi kunyonyesha anaweza kurudisha maziwa, hata kama mtoto wake wa mwisho aliacha ziwa miaka miwili nyuma. Anapimwa damu kwanza kuona yuko salama. Kisha mtoto anawekwa titini mara nane, mara kumi kwa siku. Kando ya chuchu unabandika mrija mwembamba unaotoka kwenye kikombe cha maziwa ya kopo, ili mtoto ashibe huku akinyonya titi tupu. Kule kunyonya kunaamsha homoni. Homoni inaleta maziwa.

Wakuu, nilifurahi kama nimeshinda kesi. Nadharia yangu ilikuwa imekaa mbele yangu kwenye mkeka!

Nikamwambia Sista, "Utaona. Maziwa yatakuja, na mapenzi yatafuata nyuma. Ni homoni zile zile."

"Shika kikombe, msomi."

Tatizo likawa moja. Mama Diane hakumtazama mtoto. Alimweka titini kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa jirani, uso kaugeuzia mlangoni. Siku ya nne, hakuna hata tone. Mizani imegoma kupanda.

Nikauliza swali ambalo mpaka leo linanitia aibu.

"Mama, unampenda huyu mtoto?"

"Nani, huyu? Mama yake alilala kitandani kwangu."

"Sasa unamnyonyesha kwa nini?"

Akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa. "Analia. Kwani wewe husikii?"

Nilitoka pale nimeshaamua. Kulikuwa na mama mwingine, kijana, mchangamfu, ana mtoto wake na maziwa tele, na alikuwa tayari kumpokea. Nikaandika pendekezo mtoto ahamishwe, kwa sababu mlezi wa sasa hana upendo naye.

Sista akasoma, akavua miwani.

"Kwa hiyo leo ni moyo? Juzi si ulisema ni homoni?"

Miaka mitatu nabishana na watu mtandaoni, na mtoto alipokuwa hatarini nikakimbilia upande wao.

"Yule binti ana kichanga chake cha mwezi mmoja," akaendelea. "Maziwa yakipungua, atamnyima yupi? Nipe siku tatu."

"Na huyu akizidiwa ndani ya siku tatu?"

"Uzito haujapanda, lakini haujashuka. Siku tatu, msomi."

Siku ya sita akaingia mwanamke mgeni wa kilima kile kile, akauliza habari za marehemu. Mama Diane akalipuka. Pembeni mtoto ananyonya, yeye anahutubia hema zima.

"Mpaka sufuria yangu ya maharage aliibeba! Sufuria! Meno kama jembe, halafu mwanaume anasema kaona malaika!"

Wanawake wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mara mtoto akapaliwa, akakohoa. Sista akainama kuuvuta mrija, akakuta umebanduka zamani, unaning'inia chini. Mtoto alikuwa akimeza. Maziwa yalimtoka pembeni ya mdomo.

"Endelea kumtukana, mama!" Sista akapiga kelele. "Endelea, yanatoka!"

Aliyekuwa hacheki ni Mama Diane peke yake. Aliinamisha kichwa, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akimtazama mtoto usoni.

"Kumbe una njaa hivi," akamwambia. "Mwizi mdogo wewe."

Nilisoma kwamba hasira huzuia maziwa kutoka. Nendeni mkamwambie Mama Diane.

Kuanzia hapo mizani ikapanda. Wiki zikapita, kizee kikageuka kuwa mtoto mwenye mashavu. Mimi nikaanza kuamini tena nadharia yangu, kwamba kemikali imefanya kazi yake na hesabu imefungwa.

Kisha akaja mgeni kutoka kambi nyingine, ya Nyarugusu. Mdogo wake marehemu, mama mdogo wa mtoto, ana barua zote za ruhusa. Alikuwa amekuja kumchukua.

Kwa biolojia hakuna mjadala pale. Yule ni damu yake, Mama Diane si chochote. Ofisi ya watoto nayo ikakubali. Sista akaeleza kwamba mtoto akiondoka atarudi kwenye maziwa ya kopo, na tumbo lake bado dogo. Mgeni akasema atajitahidi.

Mama Diane hakubisha. Akamkabidhi mtoto, akaanza kuongea bila kumwangalia mtu.

"Mlaze ubavu wa kushoto. Ukimlaza kulia anatapika. Usimfunike uso, anaogopa. Akifungua ngumi ameshiba, usimlazimishe. Mvua ikipiga kwenye turubai anashtuka, mwekee mkono kifuani. Jioni akilia si njaa, mtoe nje aone watu."

Nilikuwa na faili zima la yule mtoto. Humo hakukuwa na hata moja kati ya hayo.

"Dada, nitayakumbukaje yote?" mgeni akauliza.

"Utayakumbuka. Mimi nani aliniambia?"

Mtoto akageuza shingo kuifuata ile sauti. Mgeni akaliona hilo. Akakaa chini polepole.

"Dada yangu alikuchukulia mume," akasema. "Nikiondoka na huyu, itakuwa tumekuchukulia mara mbili."

Mama Diane akanyoosha mikono.

"Mume kaeni naye. Mtoto nipe."

Akapewa. Barua zikaandikwa upya.

Wakuu, msimamo wangu sasa ni huu, na nausema bila kutetemeka. Homoni zipo, nimeziona zikifanya kazi kwa macho. Hisia zipo pia. Lakini Mama Diane alianza kazi siku sita kabla ya homoni, na sijui wiki ngapi kabla ya hisia, maana mpaka naondoka Nduta hakuwahi kusema anampenda. Alikuwa anasikia mtoto analia, basi. Tunabishana kipi kinaleta mapenzi wakati vyote viwili vinaweza kuchelewa, na mtu akawa tayari anapenda kwa mikono.

Mwenye maelezo bora kuliko hayo alete, nipo na nasoma yote. Hasa mliolea watoto msiowazaa: ilikujia lini, au haikuja kabisa na mkaendelea tu? Na wale wenzangu wa homoni, karibuni, ila kabla ya kuandika mnijibu kwanza habari ya ile sufuria ya maharage.