Rangi ya Mlango Nyuma ya Pikapu

Nianze na upumbavu wangu, maana mtaa mzima wa Chuno umeshausimulia na kila mtu kauongezea chumvi. Niliandika kwenye gari la watu. Nyuma, kwenye kile kimlango cha bodi, kwa rangi ya bluu iliyobaki tulipopaka mlango wa nyumba yetu: MAMA KASEMA SAWA.

Mama alikuwa hajasema sawa. Alikuwa amesema "tutaona", na kwetu "tutaona" ni hapana iliyovaa khanga.

Gari lenyewe ni pikapu ya dizeli ya mfanyakazi mmoja wa bandarini, anakaa Ufukoni, anarudi kwao bara na analiuza. Namwita mjomba ingawa hatuna undugu. Alilileta jioni lilale kwetu, asubuhi ampeleke mama bondeni, kule Ruvuma inapokaribia bahari, mama alijaribu kabla ya kuamua kulinunua. Mama anauza mchele. Miaka yote anakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha petroli, ambacho kikifika kwenye mchanga kinakaa chini kama kuku anayeatamia. Anayesukuma ni mimi. Kwa hiyo nilikuwa na sababu zangu. Huku kwetu kila gari lina maneno yake nyuma, na likishaandikwa lina mwenyewe. Nilijua watu wakisoma watampongeza, na akishapongezwa ataona haya kurudi nyuma.

Lilikuwa limeegeshwa mgongo ukutani, ndiyo maana asubuhi mama na mjomba walipanda mbele bila kuona kitu. Mimi nikarukia kwenye bodi. Dizeli ikanguruma kama mzee anayesafisha koo, kuku wa jirani wakahama.

Hatujatoka mtaani, muuza maandazi akapaza sauti, "Hongera mama! Na sisi utupe lifti!"

Mama akatoa kichwa dirishani. "Wananipongezea nini?"

"Wanakupenda tu, mama," nikamjibu.

Mimi na wenzangu shuleni tukikagua gari tunapiga tairi teke, basi, tumemaliza. Mama alipofika bondeni alipakia magunia yake yaleyale ya kila safari, halafu akaingia dukani kuulizia dizeli. Mwenye duka akamwonyesha chupa za maji zilizojaa petroli ya bodaboda. "Hizi tu, dada. Dizeli mpaka mjini."

Mama akamgeukia mjomba. "Kwa hiyo hili likiishiwa huku?"

"Linalala huku, mama. Na hata ukilitilia mafuta, huenda lisiwake mpaka fundi atoe upepo ulioingia kwenye njia ya mafuta. Sikufichi."

"Na la kwendea sokoni kila siku?"

"Hapana, utalionea. Hili linataka mzigo na masafa. Kwa tenga moja la nyanya utajuta."

Nilitamani kumziba mdomo. Muuza gari gani huyu? Lakini mama alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu, vilevile anavyofanya akichota mchele kiganjani akakuta hauna mawe.

Wakati wa kurudi, katikati ya mchanga mbaya kuliko wote, akasema, "Simama hapa."

"Hapa, mama? Mchangani?"

"Ndipo ninapokwamaga. Simama, uzime kabisa."

Mjomba akazima. Mama akashuka kutazama tairi zilivyozama, akazunguka upande mmoja, akafika nyuma. Mimi juu ya magunia nikaanza kuitazama mikoko kwa mapenzi ambayo sijawahi kuwa nayo. Maneno yale ni matatu tu, lakini mama aliyasoma kama mtu anayesoma hukumu. Mjomba naye akaja, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mama, rangi inafutika."

"Tusizungumze rangi. Washa."

Likawaka. Mjomba hakukanyaga mafuta kwa fujo. Aliweka gia nzito, na lile gari likainuka na magunia yote, taratibu, bila kelele za ziada, kama mtu anayejua anakokwenda. Mchanga ukasalimu amri. Nilisahau kabisa kwamba nina kesi. Nilipiga makofi peke yangu kule juu kama mwehu.

Mbele kidogo tukamkuta nani? Dereva wa kirikuu tunachokodi siku zote, kakwama na mzigo wa mtu mwingine. Mama akasema, "Mvuteni." Tukafunga kamba. Kwa hiyo yule dereva alivutwa mpaka barabara ya lami, mikono kwenye usukani, uso kwa uso na mwandiko wangu.

Alipofungua kamba alisema, "Shangazi, nimeyasoma mpaka nimeyahifadhi. Ndiyo kusema mteja nimempoteza?"

Mama akachungulia mshale wa mafuta, ambao ulikuwa umeshuka kidogo tu. Akatazama magunia. Akanitazama mimi.

Nyumbani majirani walikuwa wamesimama nje wakisubiri, muuza maandazi mbele. Mama alishuka, akajifunga khanga vizuri, akaongea mbele ya wote, na haya ndiyo maneno yake, sijaongeza wala kupunguza:

"Gari nalichukua. Ni la mzigo wa bondeni tu, sokoni nitapanda bodaboda, na dumu la dizeli ya akiba lisishuke humo. Maandishi yabaki. Ila wewe kalete hiyo brashi yako, uandike na chini yake: MTOTO BADO ANASUKUMA."