Matroni na Tundu la Pili

Ukipiga simu nyumbani kwa Matroni, desturi ilikuwa hivi: unamsalimia aliyepokea sebuleni, kisha unasema, "Shikamoo, mama," na "marahaba" inakujia kutoka chumba kingine. Baada ya hapo unaendelea na shida zako. Simu mbili za nyumba ile, ya sebuleni na ya chumbani kwa Matroni, zilikuwa kwenye waya mmoja, na tangu magoti yaanze kumsaliti, Matroni hakupokea simu tena, alizisindikiza. Alinyanyua mkonga wa simu taratibu, akasikiliza uchumba, homa, kesi ya mpaka wa shamba, na mara mojamoja akatoa maelekezo. Binti yake, aliyeolewa mji mwingine, aliwahi kusema kwamba kumpigia kaka yake ni kama kuchangia hoja bungeni: lazima ujue Spika anakusikia.

Aliitwa Matroni kwa sababu alikuwa matroni. Aliiongoza wodi ya wazazi mpaka siku ya kustaafu, na alipostaafu akaendelea kuongoza chochote kilichokuwa karibu.

Ndipo kampuni ya simu ikatangaza kwamba inang'oa nyaya zake za shaba. Anayetaka kubaki na simu ya mezani ataipitisha kwenye intaneti. Mwana mkubwa wa Matroni, mhasibu, mtu wa mipango, aliyekuwa akiishi naye pamoja na mkewe, akaleta adapta: kiboksi cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, cha kuunganisha simu za zamani na intaneti. Nyuma kilikuwa na matundu mawili ya simu.

"Mama, sasa utakuwa na laini yako," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Namba yako peke yako. Hakuna wa kukusumbua."

"Nani kakwambia nasumbuliwa?"

"Nasema tu."

"Na hiyo namba ataipiga nani? Wanaonijua, nusu wamezikwa, nusu wako hapo sebuleni."

Mwanawe akacheka peke yake, akaondoka.

Matroni alibaki akipima jambo hili. Wodini, mgonjwa aliyepewa ghafla chumba cha peke yake hakuwa mtu wa kupongezwa. Tangu alipoteleza bafuni, nyumba ilijaa upole usio wa kawaida. Mkwewe alimmenyea matunda. Watu walinong'ona kwenye korido kama wauguzi wanafunzi waliovunja kipimajoto. Kulikuwa na jambo, jambo lenyewe lilikuwa lake, na wenzake walitaka kulimaliza bila yeye.

Fundi alikuja mwanawe akiwa kazini. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyingi na mkoba wa nyaya. Alichomeka adapta kwenye ruta ya intaneti, akafungua kompyuta, akajaza namba za simu na nenosiri lililotoka kwenye kampuni, akangoja. Taa mbili zikawaka kijani. Akaja chumbani kuikagua simu ya Matroni, ile ya kuzungusha, nzito kama pasi ya chuma.

"Hii itapokea, mama, lakini kupiga haitaweza. Adapta hii haielewi simu za kuzungusha."

"Kupiga ni kwa wenye haraka. Niambie, baba, hayo matundu mawili: lazima kila simu iwe na lake?"

"Si lazima. Ukitaka zishirikiane, unaweka kiplagi cha kugawa kwenye tundu la kwanza, zote zinakuwa laini moja."

"Unacho?"

"Ninacho. Ila mwenye nyumba ameagiza zitenganishwe."

"Mwenye nyumba anaumwa magoti na amekaa mbele yako. Nyumba hii niliijenga na marehemu, huyo aliyekuagiza akiwa bado anakojoa kitandani."

Fundi akayatazama magoti, kisha akazitazama ndevu zake kwenye kioo cha kabati kama anayeziomba ushauri.

"Akiuliza, nitasema nini?"

"Sema taa ni za kijani. Si za kijani?"

"Za kijani."

"Basi hujadanganya. Na kengele ya simu yangu uizime."

Jioni mwanawe alirudi, akaziona taa, akaridhika. Hakuipiga ile namba mpya ya mama yake, hata kwa kujaribu. Matroni akaliweka hilo moyoni.

Baada ya chakula simu ya sebuleni ikalia. Alisubiri mwanawe apokee, akanyanyua mkonga wake. Alikuwa binti yake. Alimsalimia kaka, akaendelea moja kwa moja. Hakukuwa na shikamoo. Matroni alijihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Wameshanizika, akawaza, na hata matanga hawajaniita.

"Chumba nimeshakipaka rangi," alisema binti. "Umemwambia?"

"Bado. Nikimwambia atatoa hotuba. Jumamosi tunampakia kwenye gari, tunasema anakuja kukutembelea. Akifika atazoea."

"Si ataona masanduku?"

"Masanduku yatafuata."

"Marahaba," alisema Matroni.

Laini ikanyamaza. Ukimya wa intaneti ni mkavu. Hauna hata ule mkwaruzo wa waya wa shaba wa kumsitiri mtu.

"Mama?" alisema mwanawe. "Wewe si uko tundu la pili?"

"Mimi niko kwangu. Endeleeni, mlifika kwenye masanduku."

"Mama, ulianguka." Sauti ilishuka, na hofu iliyokuwamo haikuwa ya kuigiza. "Mchana hatupo. Siku ukishindwa kuinuka, je?"

"Nilianguka bafuni kwangu. Nikianguka kwa dada yako, nitakuwa nimeanguka ugenini. Weka chuma cha kushikilia ukutani. Bandua vile vigae vya kung'aa alivyovichagua mkeo. Mtafute mtu wa kushinda nami mchana, na huyo nitamhoji mwenyewe."

"Mama, kaka alisema hutakataa," alisema binti.

"Aliniuliza lini? Na wewe umepaka rangi gani?"

"Krimu."

"Nzuri. Mhamishie mumeo humo, si unalalamika anakoroma?"

Binti akacheka bila kutaka. Kaka yake hakucheka.

"Chuma nitaweka," alisema hatimaye. "Lakini ukianguka tena..."

"Tutazungumza tena. Watatu, kama sasa."

"Sawa, mama."

"Haya, kateni. Mimi nakata mwisho."

Wakakata. Matroni akarudisha mkonga mahali pake, akatulia. Kupitia ukutani, bila msaada wa intaneti, alimsikia mwanawe akimuuliza mkewe futi ya kupimia iko wapi.