Maji ya Mululuza kwenye Banda la Kushoto

Nakumbuka asubuhi moja hapa Karambi, mwanangu, nimesimama kati ya mabanda mawili ya kuku na jagi la dawa mkononi, sijui nimtii nani, daktari au Mungu.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kumi na kitu. Nilikuwa mama wa watoto wawili tayari, ila akili ilikuwa bado mbichi. Kideri, ule ugonjwa unaoua kuku kwa makundi, kilikuwa kimeingia na kuku wa sokoni Mpondwe, kikaanza kumaliza mabanda ya Bwera. Daktari mmoja wa mifugo, kijana kutoka Kasese, akaniomba kuku wangu kumi na wawili ajaribu maji ya mululuza, yale majani machungu tunayochemsha mtu akishikwa na malaria. Banda la kulia wanywe maji ya majani, la kushoto maji matupu. Nikaitikia kama niliyeelewa.

Kumbe kushoto ameangukia jogoo niliyemwahidi kanisani, mbele ya watu, mtoto wangu alipopona surua. Utamnyima dawa kuku wa Mungu? Na nikimpa yeye peke yake, wenzake wamekosa nini? Basi kila asubuhi nikawa nawanywesha wote mululuza. Nilijiona mwenye haki kabisa!

Baada ya wiki tatu, kila banda lilikuwa limepoteza kuku mmoja. Daktari alihesabu, akahesabu tena, akatikisa kichwa. Jirani yangu Masika, mjane asiye na mali nyingine ila kuku, alikuwa amesimama uani akisubiri.

"Dokta, hii majani iko dawa ama haiko?"

"Haiko, mama. Kuku ya maji tu iko sawasawa na ile ya dawa."

Nikaingia ndani na jagi langu, siri yangu nikabaki nayo. Siku ile ile Masika akawafunga kuku wake wote miguu, akawapeleka Mpondwe kuwauza kwa bei yoyote kabla kideri hakijawamaliza.

Siku ya tatu nikamfuata daktari, nikamweleza. Hakunifokea, na heri angenifokea. Alisema tu, "Mama, sasa mimi sijui kitu." Huenda majani yaliwaokoa wote. Huenda kideri chenyewe hakikutufikia sawasawa, na wale wawili walikufa kwa jambo jingine. Masika naye, nilipomwambia, akaniuliza, "Sasa kuku yangu ingepona?" Mwanangu, nimezeeka na swali hilo, naligeuzageuza hadi leo.

Kwa hiyo nakuambia hivi. Ukipewa kazi ya kupima kitu na hukuelewa, uliza, hata wakikucheka. Huruma ikikushinda, usijilaumu sana, ila sema ulichofanya kabla mtu hajalifuata jibu lako. Mimi nilichelewa siku tatu tu, na mwenzangu akabaki na banda tupu. Mungu akupe moyo laini kama alionipa mimi, na ulimi usiochelewa kama wangu.