Gari Lisilo na Klachi

Juzi pale Msimbazi lilipita gari la spoti, dereva akivuta gia kwa vidole nyuma ya usukani, nikasikia tena harufu ya siti za ngozi.

Baba alikuwa dereva wa lori mpaka mguu wake wa kushoto ulipopooza. Alasiri moja rafiki yake fundi akamwachia gari kama lile aonje kidogo. "Panda, tajiri!" Baba akaniambia. Tukazunguka mitaa ya Gerezani, yeye akicheka kama zamani. Leo najua gari lile halikuwa na klachi, mguu wa kushoto haukuwa na kazi. Siku ile, tulipofika nyumbani, nilipiga kelele: "Mama! Mguu wa Baba umepona!"

Mama akatoka mbio, mikono inachuruzika tui, akasimama kumsubiri ashuke. Baba akazima injini, akabaki ameshika usukani, hafungui mlango.